Gari la Kumpeleka Minza

Jumanne, 3 Juni

Tinde tangu asubuhi. Mpunga mbichi tena. Juu ya gunia punje kavu zinalia, ndani zinanata. Nilichoma bambo, kile chuma cha kutolea punje za ndani, mpaka katikati ya gunia, likatoka na unyevu. Nikamtazama mwenye mali, yeye akatazama ng'ombe wanaopita. Nikamwachia mzigo wake. Bambo halina undugu, ndiyo maana naliamini kuliko watu.

Niandike la juzi, maana bado linaniuma. Wajomba wa bwana harusi walikuja kutoka Buseresere kupanga harusi ya mdogo wangu Minza. Wanauza dhahabu, hawana shida. Mmoja akalizunguka gari langu mikono nyuma, kama ananunua dume mnadani. Akasema Altezza ni gari zuri ila hili limesimama kama kuku anayevuka tope. Bibi harusi hatolewi na gari la hivyo. Wao wanalo lililoshushwa, watalileta.

Nikakataa. Baba hayupo. Kaka ni mimi. Minza atatoka nyumbani kwetu ndani ya gari letu, na usukani nitashika mimi. Mjomba akasema sawa, lakini lishushwe. Likiwa bado limesimama tarehe 27, la kwao litakuja.

Kwa hiyo nashusha gari. Mimi, mtu mzima na mke na mtoto.

Jumatano, 4 Juni

Nimeangalia video kwenye simu mpaka bando limekwisha. Kila anayeongea anauza kitu.

Wengine wanakata springi kwa grenda. Bure kabisa. Zipo springi fupi mpya, unaziweka juu ya shokapu zako za zamani. Bei nafuu, lakini shokapu zilitengenezwa kwa springi ndefu, baada ya muda zinakufa. Na zipo zile za kuzungusha, unashusha na kupandisha unavyotaka. Bei yake ni ya kuoa. Nikazipita haraka. Katikati kuna seti ya mtumba kutoka Japani, springi na shokapu pamoja. Hiyo ndiyo ninayoiweza. Na hiyo ndiyo yenye wezi wengi, maana kitu kilichotumika kinafichika.

Nikaenda kwa Fundi Kibwana. Mzaramo, ameishi Shinyanga miaka mingi kuliko watu waliozaliwa hapa. Mtani wangu. Babu zetu walibeba meno ya tembo mpaka pwani wakala nazi za babu zake, basi tangu hapo tunatukanana bila kulipana. Siku tunamzika baba, yeye alilala juu ya jeneza akasema hatoki mpaka apewe madeni ya nazi. Mama alicheka siku ile. Mara moja tu, lakini alicheka.

Aliponiona akasema michembe leo imeshuka mjini, ndivyo anavyotuita Wasukuma kwa viazi vyetu vikavu. Nikamwambia kazi yangu. Akasema lete grenda nikate springi, na masikio yako nipunguze, yanaongeza uzito. Watu wakacheka. Halafu akanivuta pembeni akasema springi ya kukatwa inaruka mahali pake kwenye tuta, asingempandisha humo hata mbuzi. Nichukue seti kamili, kuna mtu anamfahamu Kahama.

Anamfahamu. Nimelishika hilo neno.

Nikiondoka akapaza sauti: "Siku ya kumtoa Minza nalala mbele ya gari. Hupiti bila jogoo!"

Nikamwambia nitapita juu yake.

Jumamosi, 7 Juni

Kahama. Nimepanda basi ili nisionekane mwenye gari.

Duka limejaa springi na shokapu mpaka mlangoni, harufu ya thina inakaba koo. Mwenye duka ananiita bosi kabla hajajua jina langu. Nikasema natafuta seti. Akasema ya Altezza? Sijasema ni Altezza. Nikamuuliza kajuaje. Akacheka, akasema Kibwana alipiga simu.

Kibwana alipiga simu. Kwa nini? Ili wapange bei. Sababu nyingine siioni.

Shokapu zina rangi mpya. Nikakwaruza kwa ukucha, ukatoka unga wa bluu. Chini yake chuma safi, bila kutu. Hata hivyo rangi mpya juu ya kitu cha zamani ni mpunga mkavu juu ya gunia. Nikazisimamisha, nikabonyeza fimbo moja baada ya nyingine kwa kiganja, kama Kibwana alivyonielekeza. Zilishuka kwa uzito, zikarudi zenyewe taratibu. Moja ilikaa chini haikurudi. Nikaikataa. Akaleta nyingine bila ubishi. Kutobisha kwake hakukunipendeza.

Nikapapasa kila shina kutafuta oili. Kavu. Springi hazijakatwa, ncha zake zimekunjwa kiwandani. Nikanunua. Nikasafiri nazo miguuni, sikuziweka kwenye buti la basi.

Sina cha kulalamikia na bado nimekasirika. Laiti chuma nacho kingechomwa bambo.

Jumatatu, 9 Juni

Gari nimelipeleka gereji leo. Kabla ya hapo nilifanya jambo, nalo naliandika hapa tu.

Kila mtu mjini anajua mchezo wa gereji. Unapeleka gari na shokapu zake za asili, unarudishiwa za mtu mwingine zilizochoka. Zako zinauzwa. Mimi zangu nazitaka. Harusi ikiisha gari linarudi juu, maana kwenye barabara za vijiji vya mpunga gari fupi litaacha tumbo.

Basi nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, Mama Limi, ile nyekundu. Nikapitisha mkono nyuma ya kila gurudumu, nikapaka alama kwenye springi na kwenye shokapu. Mama Limi akanikuta nimelala chini na kichupa. Akauliza gari nalo linaenda harusini na kucha? Nikamweleza. Akasema Kibwana amekula mezani kwetu. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akanipokonya kichupa, akaingia ndani.

Kibwana alipokea funguo na kusema gari linanuka ng'ombe. Nikamwambia yeye ananuka jasho la mdundiko, ngoma yao. Kama kawaida. Ila leo nilikuwa namwangalia mikono.

Jumatano, 11 Juni

Halijawa tayari. Limekaa juu ya mbao bila magurudumu. Bolti moja imekatika, anasubiri nyingine. Labda.

Nikauliza springi zangu ziko wapi. Kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za watoto.

Akajibu mbele ya gereji nzima kwamba amewauzia wachimbaji wa Geita, wanachekechea mchanga. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Lakini nilitazama chini ya meza, nyuma ya mlango, kwenye pipa. Sikuziona.

Alhamisi, 12 Juni

Mpakiaji wangu wa magunia amesema jana jioni aliliona gari langu barabara ya Ibadakuli. Limeshuka, anasema, linapendeza. Ndani kulikuwa na abiria.

Jana. Jana mchana nililiacha juu ya mbao.

Nikaenda. Nikamuuliza Kibwana waziwazi. Akasema alikuwa anampeleka mke wangu uwanja wa ndege, amechoka kukaa na Msukuma.

Hapo ndipo utani unapochosha. Huwezi kumuuliza mtani kitu ukapata jibu. Unarusha swali, linarudi limevaa kichekesho. Na hasira huruhusiwi. Ukimkasirikia mtani umevunja kitu cha babu. Mtu akitaka kuiba kwa raha, na aoteshe utani kwanza.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelichukua gari.

Ni zuri. Niseme ukweli. Kati ya tairi na bodi panapita vidole vitatu vimelala, mbele na nyuma sawasawa. Limetulia chini kama mtu aliyepiga goti kusalimia wakwe. Nilipolifikisha nyumbani Minza alitoka na unga mikononi, akalizunguka, akanishika mkono. Mama akasema wabeja, ng'wanawane, asante mwanangu. Nilitaka kulia.

Kibwana alinipa za zamani ndani ya gunia, zimefungwa kwa gazeti. Akaniambia nirudi Jumatatu akaze nati tena, springi mpya zikishajikalia nati zinalegea. Nisisafiri mbali kabla ya hapo. "Usipokuja, gurudumu litatangulia Buseresere, wewe utafuata kwa miguu." Nikacheka. Nikamwambia miguu ya Msukuma inafika popote.

Jioni nilifungua gunia uani. Nikafungua gazeti. Springi safi, zimepakwa grisi, zinang'aa. Shokapu safi.

Hakuna alama nyekundu. Nilizigeuza zote. Hakuna hata moja.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia kitu. Padri alihubiri, mimi naona springi.

Si zangu. Zangu zilikuwa na tope la Tinde na alama. Hizi zimeoshwa ili nisizijue. Zangu ziko Kahama kwa rafiki yake, zimepakwa rangi ya bluu. Ndiyo maana alipiga simu. Ndiyo maana Ibadakuli. Kila kitu kimeingia mahali pake.

Mama Limi anasema nenda kamuulize. Nimemwambia nimeuliza mara ngapi? Akasema basi muulize bila kucheka. Kumuuliza mtani bila kucheka ndiko kumkasirikia kwenyewe.

Nimekasirika. Miaka yote nimemwita ndugu.

Jumatatu, 16 Juni

Nilirudi gereji leo kama alivyoniambia. Sikurudi kukaza nati. Nilikwenda na sungusungu wa mtaa.

Nilianzia kwa kamanda wao asubuhi, nikaeleza. Yeye ni mtu wa Bukoba, haogopi mtu, wala hana utani na Mzaramo. Akapuliza filimbi, wakaja wengine. Tuliingia gereji watu wengi. Mafundi wakasimama. Kibwana alikuwa chini ya gari la mtu, akatoka anafuta mikono, akaona fimbo zao, akaniona mimi, akatabasamu. Alidhani nimeleta mchezo mpya. Alidhani ni utani mkubwa kuliko wote.

Kamanda akamwambia akae chini. Akakaa, bado anatabasamu. Akaulizwa springi za huyu ziko wapi.

"Nimeziuza. Nimezinywea pombe zote. Msukuma atanifanya nini?"

Kibwana ni Mwislamu safi. Hajawahi kuonja pombe, kila mtu pale anajua. Alinitazama, anangoja nicheke, nimtukane, nimwambie mla nazi wewe, yaishe.

Nilijua kwamba ule ni utani. Nilijua hapo hapo. Nikanyamaza.

Kamanda akasema amekiri. Wakachukua sanduku lake la spana. Wakafunga geti kwa kufuli lao mpaka alipe au arudishe mali. Wateja wanatazama. Tabasamu lilimtoka taratibu. Aliinuka, akapangusa vumbi, akaja mpaka karibu yangu.

"Masanja, zile nati hazijakazwa mara ya pili. Usipakie watu."

Ameniita jina langu. Hajawahi.

Nimeona ni vitisho. Naandika nilivyoona.

Jumatano, 18 Juni

Siku mbili sijala vizuri. Nilishinda ghalani napanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa.

Mama amesikia mtaani. Alikaa muda mrefu anachambua mchele, halafu akauliza kama ni kweli nimempeleka mtani kwa sungusungu. Nikasema ameniibia, mama. Akasema baba yako angeona aibu. Akaendelea kuchambua.

Nasema tena: ameniibia. Alama haziongopi.

Alhamisi, 19 Juni

Nilimpeleka Minza Tinde kuchukua gauni kwa fundi cherehani. Gari zuri, watu wanageuka. Minza anaimba dirishani.

Kwenye tuta la kwanza nikasikia ko. Tuta la pili, ko-ko, na usukani ukatetemeka. Minza akaacha kuimba. Nikapunguza mwendo mpaka baiskeli zikatupita. Nilisikia sauti ya Kibwana sikioni: usipakie watu.

Nikawaza mawili. Kwamba amenilegezea nati makusudi. Au kwamba aliniambia ukweli. La kwanza nililipenda zaidi.

Minza akasema kaka, si lazima tutumie gari letu. Wale wana la kwao, wala sioni aibu. Alisema kwa upole, ndicho kilichoniumiza. Tulirudi polepole kama tumebeba mayai.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepata fundi mwingine, mtu wa makamo, gereji yake iko upande wa pili wa mji. Hana maneno. Nilimchagua kwa sababu hamjui Kibwana wala Kibwana hamjui.

Akanyanyua gari, akatoa gurudumu, akatikisa. Nati za juu zimelegea. Akakaza zote. Nikauliza ni hujuma? Akanitazama kama nimeuliza kama mvua ni hujuma. Akasema springi zikishajikalia nati hulegea, kawaida, aliyefunga hakukwambia urudi? Nikasema aliniambia. Akauliza sasa mbona hukurudi?

Akasema kazi ni safi. Shokapu nzima, springi sahihi. Aliyenichagulia duka alinitendea wema, mtumba wa hali hii haupatikani kwa bei hiyo mpaka umpigie mtu simu.

Nilikuwa nimebeba gunia la zile za zamani ili anithibitishie kwamba si zangu. Nikamwomba atazame. Akachukua springi moja, akaifuta grisi kwa kitambaa, akasema ya gari hili hili, kuna alama ya kukaa miaka mahali pamoja. Imeoshwa kwa thina halafu ikapakwa grisi isishike kutu. Nikanusa. Thina kweli. Akainua raba pale chini springi inapokalia, ili anionyeshe.

Chini ya raba kulikuwa na mchirizi mwekundu. Rangi ilikuwa imetiririka humo siku nilipopaka. Thina haikufika.

Akauliza hiki ni nini, damu? Nikasema ni rangi ya kucha.

Tukainua raba nyingine. Nyekundu. Nyingine. Nyekundu. Akasema huyo fundi anakupenda, mwizi hapakii mtu grisi.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu pale nje. Nimekuwa mpumbavu. Sina neno zuri zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Kwa kamanda. Nikaeleza mbele ya wale wale. Kamanda alikasirika, akasema niliwapigisha filimbi kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Akasema lakini yule alikiri mwenyewe. Nikasema alikuwa ananitania. Akauliza wewe ulijua? Nikasema ndiyo. Halafu wakanitoza faini mimi. Haki yao.

Sanduku la spana nililibeba mwenyewe begani, katikati ya mji, mchana. Zito. Nilitaka watu waone.

Kufuli limefunguliwa. Kibwana alikuwa anafagia. Nikaweka sanduku, nikasema wewe mla nazi, nimekukosea. Niliitanguliza hiyo mla nazi ili apate pa kushikia. Alikuwa na nafasi ya kunimaliza. Angeniita lolote.

Akaweka ufagio ukutani. Akanipa kiti.

"Hakuna neno, Bwana Masanja. Binadamu tunakoseana."

Akaniletea maji. Akaeleza mwenyewe habari ya Ibadakuli, sikuuliza. Bolti ilipatikana jioni ile, akafunga, akaenda kujaribu springi kwenye lami iliyonyooka, njiani akampakia mama mmoja mwenye mizigo. Akasema alipaswa kuniomba ruhusa kwanza, gari si lake, nimsamehe. Akauliza hali ya mama. Akauliza maandalizi ya Minza. Nikamjibu. Tuliongea kama watu wawili wanaosubiri daktari.

Hajakasirika. Nilitamani akasirike.

Jumanne, 24 Juni

Nimenunua jogoo sokoni. Mwekundu, mkubwa, mkali. Nimeruka wawili waliokuwa na bei nzuri zaidi. Sikumkagua hata mdomo.

Mama Limi akauliza wa nini, tuna kuku. Nikamwambia Ijumaa Kibwana atalala mbele ya gari. Hawezi kuacha. Hiyo ni desturi, haihusiani na mimi na yeye. Akasema sawa, Baba Limi.

Nimeyafanyia mazoezi hata maneno nitakayomwambia. Nitakataa kwanza. Nitasema jogoo ni wa watu, wewe utapewa maganda ya nazi. Halafu nitampa.

Ijumaa, 27 Juni. Buseresere.

Tumefika. Gari limetembea bila mlio, njia nzima ya Mwanza, darajani, Geita mpaka huku. Kila tuta nililipanda kwa pembeni. Halikugusa chini hata mara moja. Mjomba wa dhahabu alilizunguka tena mikono nyuma, akachuchumaa, akapitisha vidole juu ya tairi, akauliza nani amefunga. Nikamwambia ni mtani wangu. Akasema ana mkono.

Niandike la asubuhi.

Uani kwetu palikuwa na watu mpaka barabarani. Minza katoka na mama, vigelegele, akaingia kiti cha nyuma. Jogoo nilikuwa nimemfunga miguu, nikamweka ndani ya buti kwenye kikapu. Nikawasha gari. Nikasubiri. Mama Limi akanitazama, akajua nasubiri nini, akajifanya anarekebisha maua.

Kibwana alikuja. Kanzu nyeupe, kofia, viatu vimepigwa rangi. Watu wakaanza kucheka kabla hajafanya kitu, wanamjua. Wakampisha. Akatembea mpaka mbele ya gari, na mimi mkono wangu ukawa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Akainama. Akatazama tairi la mbele, la kulia, halafu la kushoto, kifundi tu. Akaja dirishani. Akampa Minza mkono, akamtakia ndoa njema, watoto na amani. Akamsalimu mama shikamoo. Kwangu akasema safari njema, Bwana Masanja, matuta ya njiani yapite polepole.

Halafu akasogea pembeni. Akanyoosha mkono kuonyesha njia, kama askari wa barabarani. Watu waliacha kucheka. Mama alikuwa anatazama mbele tu.

Nikapita. Njia ilikuwa wazi kabisa.

Baada ya Geita jogoo akawika ndani ya buti. Minza akauliza kaka, umebeba kuku? Nikasema ndiyo. Akauliza wa nini. Mama akamwambia aache kusumbua dereva.

Jumatano, 2 Julai

Tinde asubuhi. Mpunga umekauka sasa, wa juu na wa ndani. Nimenunua.

Nikirudi nilipita gereji. Nati zinataka kuangaliwa baada ya safari ndefu. Kibwana aliacha kazi nyingine akanihudumia kwanza. Alikaza, akapima vidole vitatu mbele na nyuma, akafuta alama za mikono yake kwenye bodi. Nikauliza linarudi juu lini. Akasema wakati wowote nitakaopenda, springi zangu ziko salama, grisi itazilinda. Nikamwambia gari linanuka ng'ombe. Akasema halinuki, ni safi.

Akanishukuru kwa kuja. Akasema karibu tena.

Minza amepiga simu, ana furaha, wamempa chumba chenye dirisha kubwa. Mama ameanza kucheka cheka tena anapoongea naye.

Jogoo yupo uani, nimemfungua miguu. Anawapiga wenzake. Mama Limi ameuliza tutamchinja lini. Nimemwambia si wetu.